Uvimbe Wenye Kikonyo

Jina la Mama Nta alipewa na madereva wa maabara, likamganda kama nta yenyewe. Kila asubuhi yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kufungua chumba cha nyuma na kuwasha birika la umeme linaloyeyushia nta, na harufu yake ilimfuata mpaka nyumbani, mpaka kwenye nywele. Mumewe alizoea kusema kwamba huyu mke hawezi kupotea, maana hata kipofu angemfuata kwa harufu ya mshumaa.

Maabara ilikuwa ya magonjwa ya wanyama. Watu walileta vipande vya maini ya ng'ombe, mapafu ya mbuzi, kuku wazima ndani ya mifuko ya plastiki, na mara mojamoja kitu cha mbwa au cha paka. Kipande kililala kwenye dawa mpaka kikakakamaa, kikakaushwa maji, kisha kikafika mezani kwa Mama Nta. Alikilaza ndani ya kikombe kidogo cha chuma, akamimina nta ya moto juu yake, akakiweka kwenye barafu kigande. Kibonge kikishashikana alikifunga kwenye mashine yenye kisu na kuzungusha gurudumu, na nta ikatoka utepe mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kipande cha mnyama kimo ndani yake. Utepe aliuweka uelee juu ya maji ya uvuguvugu, akauopoa kwa kipande cha kioo, akautia rangi. Kioo kikaenda chumba cha pili kwa daktari, aliyekitazama kwa hadubini na kusema ugonjwa ni upi. Kazi ya Mama Nta iliishia kwenye kukata.

Hakusomea. Aliajiriwa kufagia, akiwa na miaka ishirini na miwili. Siku moja mkataji wa zamani, mzee mkali ambaye mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, alimkuta jikoni anamenya kiazi, na ganda linashuka refu, bila kukatika, jembamba hata mwanga unapita.

"Nani kakufundisha kumenya hivyo?" mzee akauliza.

"Njaa, mzee. Kwetu ukimenya nene unakula kidogo."

Mzee akacheka, jambo ambalo wenzake walilizungumza wiki nzima. Miezi sita baadaye msichana wa ufagio alikuwa amekaa kwenye mashine, na hapo ndipo alipokaa miaka thelathini iliyofuata.

Katika miaka ya mwanzo alikuwa na tabia moja. Saa ya chakula, chumba cha daktari kikiwa kitupu, aliingia na kutazama vioo alivyovikata mwenyewe. Hakuna aliyemkataza, kwa kuwa hakuna aliyemwona. Akawa anaisoma ripoti, anatazama tena kioo, mpaka macho yake yakaanza kuelewa. Na mwenye kuelewa kidogo ana hatari kuliko asiyeelewa kabisa. Mwaka wake wa tatu alimkuta mfugaji mmoja kwenye korido, amekaa na kofia magotini, anasubiri majibu ya ng'ombe wake. Mama Nta akamwonea huruma. Akamwambia, "Usihofu, baba. Mimi nimeona, ni mazuri." Yule mtu akatoka nje kwenda kuwapigia watoto simu. Jioni majibu yalitoka, na hayakuwa mazuri hata kidogo. Mfugaji hakumgombeza. Alipopita mlangoni alimtazama tu, kama mtu anayetazama ngazi iliyomdondosha, akaenda zake.

Tangu siku ile, kila aliyemuuliza chochote alijibiwa maneno yaleyale: "Mimi ni wa kukata tu. Msubiri daktari." Lakini kutazama hakuacha. Kwa miaka ishirini na saba aliona mengi na hakusema hata moja.

Basi ikaja ile wiki ya kuku. Huko mashambani kuku walikuwa wanakufa mabanda kwa mabanda, na meza ya Mama Nta ikajaa vipande hata pa kuweka kiwiko hapakuwepo. Katikati ya kuku wote hao, Jumatatu asubuhi, akakuta kichupa kimoja cha namna nyingine. Fomu ilisema: paka dume, miaka kumi na mitatu. Anatapika kwa miezi, mara nyingine damu. Amekonda. Amepasuliwa Ijumaa, uvimbe mdogo kama harage umekutwa mwanzoni mwa utumbo mdogo, pale unapotoka tumboni. Inadhaniwa saratani.

Kipande kina namna ya kulazwa. Kina juu yake na chini yake, kama mkate, na mkataji mzuri hukitazama kwanza kabla ya kumimina nta. Kulitazama lile harage kungemchukua dakika moja. Mama Nta aliona hana dakika hiyo. Akakilaza kama kilivyodondoka, akamimina, akarudi kwa kuku.

Daktari wa maabara alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na minne, mwepesi wa akili na wa miguu. Jumanne asubuhi aliinama kwenye hadubini, akavuta pumzi.

"Masikini paka wa watu," alisema. "Hii saratani, mama. Vitezi vya utando wa utumbo vimezama mpaka ndani kwenye nyama ya ukuta. Na kwa paka wazee ndivyo ilivyo, ukiona uvimbe wa utumbo, mara nyingi sana ni mbaya."

"Pole yake," Mama Nta akasema, akaweka vioo vingine mezani.

Daktari akaandika rasimu. Kuku walikuwa wanamwita. Akasema ataipitia na kutia sahihi kesho asubuhi.

Siku hiyohiyo mchana, Mama Nta alipotoka kwenda kula, alimkuta mtu amepiga magoti mbele ya mlango wa stoo. Mlango ule ulikuwa na kisirani: kuufungua ilibidi uunyanyue, uusukume kwa bega, kisha uusemeshe kwa upole. Mtu yule, mzee mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na bisibisi mkononi, alikuwa amekwisha kung'oa kitasa.

"Wee mzee, nani kakuruhusu?"

"Hakuna," akajibu bila kugeuka. "Nimekaa hapo kwenye benchi saa nzima nawatazama mnavyoupiga mabega. Nikashindwa kuvumilia. Huu mlango si mbovu, dada. Umeonewa tu."

Alikuwa fundi funguo. Kibanda chake kilikuwa pembeni ya kituo cha mabasi, na watu walimwita Mzee wa Funguo. Alikuwa amekuja kuuliza habari za paka wake, japo daktari wa wanyama aliyempasua alimwambia asubiri majibu nyumbani. "Nyumbani siwezi kukaa," alisema. "Dada yangu mkubwa ananiuliza kila dakika, na masikio yake ni mazito, kila jibu nalipiga kelele mara mbili. Majirani wote sasa wanajua habari za utumbo wa paka wetu."

Paka aliitwa Kufuli. Alikutwa ndani ya kibanda akiwa kitoto, chini ya meza, na fundi alipotia mkono amtoe, aling'atwa kidole na hakuachiwa mpaka aliposema yaishe. Akabaki hapo miaka kumi na mitatu. Alipoanza kutapika, dada mkubwa alisema kala mjusi, na miezi miwili ilipita kila mtu anawalaumu mijusi. Kisha ikaonekana damu. Sasa ni siku ya nne tangu apasuliwe, hajatia kitu mdomoni, anaishi kwa maji ya mshipa.

"Daktari wake ameniambia wazi," Mzee wa Funguo akasema, anapuliza vumbi ndani ya kitasa. "Kama ni saratani, tumpumzishe, tusimtese kwa faida yetu. Kama siyo, tupambane. Kesho saa nane nampa jibu." Ndipo akamtazama. "Dada, wewe unafanya kazi humu. Hujui chochote?"

Maneno yakatoka yenyewe, kama yalivyotoka miaka yote. "Mimi ni wa kukata tu, mzee wangu. Msubiri daktari."

Mzee akatikisa kichwa bila kinyongo. "Hata mimi ni wa kukata tu. Mteja anakuja analia, ufunguo haufungui, mlango umeharibika. Namwambia tulia. Kwanza tuuangalie ufunguo wangu. Nikiukata vibaya, mlango hauna kosa." Akarudisha skrubu ya mwisho, akasukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka kimya.

Mama Nta hakwenda kula. Alirudi chumba cha daktari, akakitafuta kioo cha paka, akakaa.

Vitezi vilikuwepo kweli, katikati ya nyama ya waridi, kama daktari alivyosema. Lakini kadiri alivyotazama ndivyo alivyokosa raha. Saratani alizoziona zilikuwa na fujo. Zilipita kwa vurugu na kuacha makovu. Vitezi hivi vilikuwa vimepangana kwa adabu. Na ile nyama iliyovizunguka ilikuwa laini mno, haikuwa na nyuzi za msuli wa ukuta wa utumbo. Akakumbuka namna uyoga unavyoonekana ukiukata kwa mshazari: kofia inaingia kwenye mguu, mguu unaingia kwenye kofia, hujui kipi ni kipi. Kisha akakumbuka Jumatatu, na mkono wake ulivyodondosha lile harage ndani ya kikombe bila kulitazama.

Kilikuwa kimelazwa ubavu.

Jioni, nyumbani, mumewe alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, mtu asiyejua kunong'ona. Mama Nta alikuwa anaosha vyombo, na sahani moja aliiosha mara tatu.

"Hiyo sahani imekukosea nini, mama watoto?"

Akamweleza yote, amempa mgongo. Alipofika kwa yule mfugaji wa zamani, akaichukua sahani ileile tena. Mumewe alikuwa hajawahi kuisikia habari ile.

"Nikisema, na nikawa nimekosea tena?"

"Utakuwa umekosea mara mbili kwa miaka thelathini. Mimi nakosea mara mbili kabla ya chai."

"Na nikiwa sawa, aibu ni yangu vilevile. Mimi ndiye niliyekilaza vibaya."

Mwalimu akaweka kalamu nyekundu chini. "Mtoto akikosea hesabu darasani simwambii anyamaze. Namwambia arudie. Kuteleza si kuanguka."

"Methali huzinunui, ndiyo maana unazigawa," mkewe akasema, lakini safari hii sahani aliiweka kabatini.

Kulipokucha, daktari alimkuta amesimama mlangoni mwa ofisi yake, mikono nyuma kama mwanafunzi. Ripoti ya paka ilikuwa juu ya meza, kalamu juu yake.

"Daktari, naomba usitie sahihi hiyo ya paka."

"Kuna nini?"

"Nilikilaza vibaya. Kilikuwa na juu na chini, mimi nikakilaza ubavu. Vitezi unavyoviona ndani sidhani kama vimezama. Nadhani ni kisu kimepita mshazari. Nadhani kuna kikonyo, kama cha tunda, na hatujakiona."

Daktari akaondoa macho kwenye ripoti. Kisha akauliza polepole, "Mama, kwani wewe huwa unatazama vioo vyangu?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa darasa la kwanza, daktari. Samahani sana."

Uso wa daktari ulipita hali mbili tatu. Hasira ilikuwepo, haikufichika. Aliinuka, akaenda dirishani, akarudi, akakiweka kioo chini ya hadubini na kukitazama tena kwa muda mrefu, akikisogeza huku na huku.

"Mimi bado naona nilichokiona jana," alisema mwishowe. "Ila sioni msuli. Nilipaswa kujiuliza msuli uko wapi. Kimebaki kiasi gani ndani ya nta?"

"Kama punje ya mchele."

"Ukikigeuza, ukakosa?"

"Hakuna kingine."

"Na kama ni saratani vilevile?"

"Basi ni saratani, na nitakuwa nimekupotezea asubuhi."

Daktari akaifunika kalamu. "Una mpaka saa sita."

Mama Nta alikiyeyusha kibonge polepole. Nta ilipokuwa maji, kile kipunje kikatokea, cheupe, hakina hata uzito. Alikiinua kwa koleo nyembamba, akakitazama chini ya taa kwa ile dakika aliyokinyima Jumatatu, na dakika nyingine kadhaa juu yake. Upande mmoja ulikuwa laini na wa mviringo. Upande wa pili ulikuwa na pembe ndogo iliyokwaruzika, mahali mkasi wa mpasuaji ulipopita. Akakisimamisha wima. Kikaanguka. Akakisimamisha tena, akakishikilia kwa ncha ya sindano mpaka nta ikaanza kushika miguu yake, ndipo akamimina iliyobaki.

Kwenye mashine alibadilisha kisu kabla ya kuanza. Utepe wa kwanza ulipasuka. Akasimama, akakipumulia kibonge pumzi ya moto kama mtu anayesafisha miwani, kama alivyofundishwa na yule mzee mkali, akazungusha tena. Utepe wa pili ukakunjamana. Nje ya mlango mtu aliita kuuliza habari za kuku, naye hakujibu. Wa tatu ukatoka mzima, ukalala juu ya maji bila kunyanzi hata moja. Alichukua vioo vinne. Kibonge kilipofika cha tano, kilikuwa nta tupu.

Rangi haina haraka, kila chupa ina dakika zake. Ilikuwa saa sita kasorobo alipoviweka mezani kwa daktari, akarudi nyuma mpaka ukutani.

Daktari alitazama cha kwanza. Cha pili. Akakirudia cha kwanza. Mama Nta akajikuta anahesabu vigae vya sakafu.

"Njoo," daktari akasema, akasogea pembeni.

Mama Nta akainama. Safari hii kila kitu kilisimama mahali pake. Juu, kofia ya vitezi, vimejaa na kusongamana. Chini yake kikonyo, chembamba, laini. Na chini ya kikonyo, ukuta wa msuli, nyuzi zake zimenyooka, hakuna kitezi hata kimoja kilichovuka.

"Si saratani," daktari akasema. "Ni uvimbe tu, umeota kama uyoga. Ukishakatwa, umekatwa." Akashusha kitabu kinene kutoka rafuni, akafunua mpaka akapata aya moja fupi, akaisoma kwa kidole. Uvimbe wa namna hii huwapata paka wakubwa kwa nadra, mwanzoni mwa utumbo; huwatapisha, huwatapisha hata damu, na wengi hupona ukiondolewa. "Nilikutana nao mara moja tu, kwenye mtihani," aliongeza. "Na nadhani niliukosa."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu waliochoka.

Alipoandika ripoti mpya, Mama Nta hakutoka. "Andika kwamba mara ya kwanza kililazwa vibaya," alisema.

"Si lazima, mama."

"Andika. Atakayeisoma kesho na keshokutwa ajue kwa nini kuna vioo vya aina mbili."

Daktari akaandika. Kisha akachukua simu akampigia mpasuaji, kabla ya saa nane.

Kufuli hakuruka akacheza siku hiyo. Jumatano hakula. Alhamisi hakula. Ijumaa dada mkubwa, ambaye siku zote alisema paka ni paka tu, alichovya kidole kwenye mchuzi wa samaki akamwekea puani, akakaa hivyo, mkono umenyooshwa, mpaka bega likamuuma. Paka akakilamba. Habari hizi Mama Nta alizipata wiki tatu baadaye, Mzee wa Funguo alipopita maabara akitoka kwa mpasuaji, nyuzi za mshono zimetolewa, amembeba Kufuli ndani ya kikapu cha sokoni. Alikuwa paka mkubwa wa kijivu, kichwa kama ngumi, tumbo limenyolewa. Mama Nta hakujua amfanyeje. Alimnyooshea mkono kama anayemsalimia mkwe. Kufuli akaunusa, akapiga chafya, akampa mgongo.

"Ndivyo anavyoshukuru," Mzee wa Funguo akasema. "Usitegemee zaidi."

Daktari aliweka kiti cha pili mbele ya hadubini, hakusema ni cha nani. Mama Nta alikikalia siku mbili baadaye. Tangu hapo, kipande kikimtia shaka aliandika neno kwenye karatasi na kukibandika juu ya kioo, na daktari alikuwa akija kuuliza. Mara nyingine walibishana. Mara nyingine Mama Nta ndiye aliyekosea, na hakufa.

Mwaka huohuo, mvua zilipokwisha, kilikuja kipande kingine, cha paka jike wa miaka kumi na minne. Uvimbe uleule wa harage, mahali palepale. Mama Nta alikilaza kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto mgonjwa. Alikikata vizuri kuliko kitu chochote alichokata mwezi ule. Wakatazama pamoja, yeye na daktari, kwa muda mrefu. Hapakuwa na kikonyo. Vitezi vilikuwa vimeuvuka msuli na kwenda mbele kwa vurugu, na hapakuwa na namna ya kukigeuza ili iwe vinginevyo.

"Tukate tena?" daktari aliuliza.

"Hapana," Mama Nta akasema. "Hiki nimekilaza sawa."

Daktari akatia sahihi.

Kufuli aliishi miaka miwili zaidi. Mama Nta alipata habari siku Mzee wa Funguo alipokuja nyumbani kwao kuweka kitasa kipya cha mlango wa jikoni. Ni figo, alisema, kama wanavyokwenda paka wengi wazee; alifia mapajani mwa dada mkubwa, mchana, redio inaongea. Alisema hivyo huku anapima tundu kwa kidole gumba.

"Alikula mpaka lini?" Mama Nta akauliza.

"Mpaka jana yake. Samaki."

"Basi vizuri," akasema, akaenda kumwekea chai.